Maboga ya Mashati ya Kiwandani

Kiwanda cha karatasi cha mji wetu kilipofungwa mwezi wa sita, Orville Haugen alirudi nyumbani, akayasokomeza mashati yake yote ya kazi kwenye mfuko wa taka, akaubwaga nje. Miaka thelathini na mmoja, kisha mfuko wa taka. Mkewe Lavonne, jirani yangu, aliuwahi kabla gari la taka halijapita, akauficha chini ya ngazi.

Tangu siku ile Orville hakuketi tena kibarazani. Alihisi kila mpita njia anamwona mtu asiye na kazi.

Oktoba ikaingia, majani ya mtaa wetu yakawa mekundu, na watu, kama ilivyo desturi yetu kila mwaka majira hayo, wakaanza kupamba milango kwa maboga na mabua ya mahindi. Charlene, dada yake Orville, alijaza mapambo ya dukani hadi kwenye sanduku la barua. Siku moja akasimama mbele ya kibaraza kitupu cha akina Haugen.

"Mwaka huu mnapamba kwa hewa, wifi?"

Lavonne alimwambia tu asubiri.

Akaniita nimsaidie. Tukakata mashati vipande vya duara, tukapitisha uzi ukingoni, tukajaza soksi zilizobaki bila jozi, kisha tukavuta uzi mpaka kila kipande kikajifunga kama kifuko. Tukakizungushia kamba kukipa mabonde ya boga. Vizibao vya rangi ya chungwa, vile vya kuvaa karibu na mashine, ambavyo navyo vilikuwa mfukoni, vilitoa maboga yanayowaka kuliko ya shambani. Vikonyo tulivikata kwenye mpini wa ufagio uliovunjika. Nilipouliza kama tubandue vitambaa vya majina vilivyoshonwa vifuani, Lavonne alikataa. Alitaka vikae mbele, visomeke.

Jumamosi asubuhi tukayapanga kwenye ngazi, kumi na manne. Orville akatoka kuchukua gazeti, akakuta jina lake limemkodolea macho.

"Haya mashati niliyatupa," akasema.

"Uliyatupa wewe," Lavonne akamjibu. "Mimi niliyeyafua miaka thelathini na mmoja sikuulizwa."

Orville akainama, akaliokota boga moja, akaligeuzageuza. Nilidhani atalirusha. Badala yake akanung'unika kwamba kikonyo kimekaa upande, aliyekikata hajui kushika msumeno. Ni mimi niliyekikata. Akaingia ndani, akarudi na msumeno na gundi, akaketi kibarazani kutengeneza vikonyo vyote upya.

Alikuwa bado pale Charlene alipopita. Safari hii hakuwa na kejeli. Aliyatazama maboga, akagusa jina la kaka yake kwa kidole, kisha akaomba auziwe mawili.

"Hayauzwi," Orville akasema. "Mumeo Duane naye alifanya kazi pale. Lete mashati yake, mke wangu atakufundisha."

Akayaleta jioni ileile. Baada yake wakaja wengine, na mezani kwa Lavonne hapakuwa na pa kuweka kikombe. Kabla ya mwisho wa mwezi, nyumba tisa za mtaa wetu zilikuwa na maboga yenye majina ya wanaume, na mawili ya wanawake waliofanya kazi kwenye ghala la kiwanda. Vikonyo vyote alivichonga Orville.

Watu wa miji ya jirani walikuja kuangalia, wakipunguza mwendo wa magari. Mmoja akateremsha kioo akauliza ni nani aliyebuni mambo haya. Lavonne alikuwa amesimama palepale, lakini Orville akamtangulia kujibu.

"Mke wangu," akasema, akasogea pembeni ili Lavonne aonekane vizuri.