Banda Lisilopitisha Sauti

Chanzo cha yote ni jogoo. Kila mara mpokea simu alipovaa hedifoni zake na kusema kwa ile sauti yake laini, "Habari, nikusaidie nini?", jogoo wa jirani naye alidakia. Wateja wa shirika la umeme, watu waliopiga simu wakiwa gizani na hasira zao, wengine waliishia kucheka. Bibi mmoja aliyezoea kupiga kulalamikia nguzo iliyoinama mbele ya nyumba yake alikuwa akianza kwa kumuulizia jogoo hali. Msimamizi wa kazi hakucheka. Alisema anayefanyia kazi nyumbani lazima awe na mahali patulivu, na jogoo akisikika tena, kiti hicho watapewa wengine.

"Basi tutalitengeneza banda," mume wa mpokea simu alisema.

Mume huyo alikuwa fundi wa milango, na mtaa mzima ulimwita Kufuli. Jina lilimkaa. Geti lilikuwa na kufuli, kabati la vyombo kufuli, hata pipa la maji lilikuwa na kifuniko chenye kufuli, na majirani walimtania kwamba siku moja ataifungia mvua isinyeshe. Mkewe naye alicheka, zamani hizo. Kufuli hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Alitaka kujua tu: umetoka wapi, ulikuwa unaongea na nani, mbona umechelewa sokoni. Funguo zote zilikuwa kiunoni kwake. Mtu unaweza kuishi hivyo miaka na miaka ukijiambia kwamba unapendwa sana.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, la mbao na mabati, limejaa zana kuukuu. Jua likiwaka lilikuwa tanuri. Mvua ikinyesha, walio ndani hawasikilizani. Kufuli alilifanyia kazi ambayo hajawahi kumfanyia mteja. Alijaza kuta kwa pamba ya kioo, ile inayowasha mikono, akaifunika kwa jasibodi, yale mabamba meupe ya dari. Chini ya bati aliweka sponji nene. Kila ufa aliupaka gundi ya silikoni. Dirisha aliliziba, akisema kioo hupitisha kelele. Mlango aliutengeneza mnene kama godoro, akauzungushia mpira pembeni, akauwekea komeo kwa nje.

"Na kwa ndani?" mkewe aliuliza.

"Kitasa cha ndani mpaka utoboe mlango. Ukitoboa tu, sauti imepita."

"Haya, na hewa?"

Alimwonyesha bomba darini, lenye kona mbili. "Hewa inapinda, mama. Sauti ikigonga kona inafia hapo."

Mpokea simu aliingiwa na shaka, kisha akajilaumu. Mwanamume anatokwa jasho kwa ajili yako, nawe unamuwazia mabaya. Na aliyekuwa na siri si Kufuli, ni yeye. Dada yake alikuwa amempatia chumba katika mji mwingine, na mwisho wa mwezi angeondoka na binti yao wa darasa la pili. Kazi ya simu hubebeka, na ndiyo iliyompa ujasiri. Hakuwa amemwambia mtu yeyote hapo mtaani. Neno likishaambiwa mtu mmoja halikosi masikio mengine.

Jumamosi Kufuli alimwita wajaribu. "Ingia, nifunge, upige kelele uwezavyo. Sema lolote. Hata nitukane, ruksa."

Mlango ulipofungwa, kimya kilichomkuta mle ndani kilikuwa kizito mpaka akasikia mapigo ya moyo wake. Alianza kwa mzaha. "Unakoroma kama trekta!" Kimya. "Na nimechoka kuambiwa mapishi ya mama yako!" Kimya. Akacheka peke yake. Halafu kitu kikafunguka kifuani, kitu alichokifunga muda mrefu kuliko kufuli zote za nyumba ile, na akapaza sauti mpaka koo likamuuma.

"Naondoka! Mwisho wa mwezi naondoka na mwanangu! Dada amenipatia chumba, kina madirisha mawili, na funguo nitashika mimi!"

Alilia kidogo, akafuta uso. Kufuli alipofungua, mkewe alimuuliza kwa wasiwasi, "Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

Kufuli alimpita, akachutama kwenye kona ambako waya wa intaneti uliingilia. Palikuwa na tundu la kupitisha kidole. Alilijaza silikoni taratibu kuuzunguka waya, akalisawazisha kwa gumba. "Lilikuwa limebaki hili tu," alisema. Mpokea simu hakulitia maanani. Siku hiyo alijiona mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Jumatatu Kufuli alimpeleka mtoto shule, akarudi, akamletea mkewe chai bandani. Kompyuta ya kazi ilikuwa imewashwa, hedifoni shingoni.

"Simu yangu umeiona?"

"Iko sebuleni, nimeiweka chaji. Si kazini kwenu wamekataza simu mezani?"

Kweli walikataza.

"Mtoto leo namfuata mimi," Kufuli aliendelea. "Nitampeleka kwa mama. Atakaa huko kwanza."

"Kwa nini huko? Na shule?"

Kufuli alipapasa ukuta, kazi ya mikono yake. Alizungumza kwa upole ule ule wa kumtakia mtu usiku mwema. "Chumba hiki hakina madirisha mawili, mke wangu. Ila utakizoea."

Akatoka, mlango ukafungwa. Mkewe hata komeo hakulisikia. Alijirusha, akapiga kwa ngumi, kwa mateke, kwa kiti. Aliita majirani mmoja mmoja. Pamba ilimeza yote. Nje huko jogoo alikuwa akiwika au hakuwika, asingeweza kujua, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Ndipo hedifoni zikalia.

Kufuli alifikiria kila sauti inayopita ukutani. Ile inayopita kwenye waya alioutandaza mwenyewe hakuifikiria. Kompyuta ile haikuruhusu kitu zaidi ya kupokea simu, na kila simu ilirekodiwa. Msimamizi angesikia. Kazi ingeota mbawa, mtaa ungepata la kusema mwaka mzima, na mpokea simu mwenyewe alikuwa mtu wa kufunika kombe mwanaharamu apite. Lakini shule hufungwa saa sita, na nyumba ya mama mkwe ilikuwa na geti ambalo Kufuli ndiye aliyelitengeneza.

"Habari, nikusaidie nini?" mdomo ulisema kwa mazoea.

"Ni mimi, bibi yako wa nguzo. Mbona leo kimya hivyo? Jogoo mmemchinja?"

"Jogoo mzima, bibi. Mimi ndiye nimefungiwa. Tafadhali usikate simu. Leo naomba wewe unisaidie."

Upande wa pili akasikia kiti kikiburutwa, na bibi akiita mtu alete kalamu.

"Sema, mwanangu. Nasikia."

Alianza na jina la shule ya binti yake.