Msalaba Uliochipua

Miaka ile kuni zilikuwa haba katika kambi yetu ya wakimbizi, hata misalaba ya makaburini ikawa inang'olewa kwenda kupikia. Kaka yangu alipofariki, mama aliogopa kwamba msalaba ukiibwa hatutalijua tena kaburi lake. Akatengeneza wa umuvumu, mti tuliokuwa tukipanda kuzunguka ua kule Burundi. Aliukata mbichi, usimfae mwenye kutaka kuni.

Mvua zilipoanza, ukachipua.

Katekista Zénon alikuja na panga. Akauzunguka, kisha akasema, "Mama Kaneza, huu sasa ni mti. Watu watasema tumerudia kutambikia mizimu chini ya miti. Tuung'oe, tuweke mkavu."

"Huo mkavu utaenda kuivishia maharage ya nani, Mwalimu? Yako?"

Waliokuwepo wakacheka kidogo. Zénon hakucheka. Aliinama akakata tawi moja changa, na utomvu mweupe ukamchuruzikia vidoleni. Akabaki akiutazama.

Mama akasema kwa upole, "Mimi nilichimbia kipande cha mti nilichokikata kwa mkono wangu. Aliyekipa uhai si mimi. Kama ni kosa, mwambie Yeye."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Zénon aliliweka panga chini, akavua kofia, akapiga magoti kwenye tope. Hakusali kwa sauti. Alipoinuka alinigeukia mimi.

"Kaneza, binti yangu, kalete matawi ya miiba tuuzungushie. Mbuzi wataumaliza."