Herufi za Miguu Minene

Hajra alikuwa akipanga ukurasa wa mbele wa jarida la chama cha wakulima wa korosho, kikombe cha chai ya rangi kikiwa pembeni ya kompyuta, mahali ambapo alishakatazwa kukiweka, Eustakio alipopiga honi nje. Eustakio ndiye mhariri, na alikuwa anapeleka kazi kwa mchapaji. Mtu huyo akishawasha gari hasubiri hata mkewe. Hajra akaingiza kazi kwenye flashi, akakimbia nayo, akampitishia dirishani, gari likaondoka Nachingwea na vumbi lake.

Kuna jambo alilisahau. Wapanga kurasa wengi wanapojaribu herufi mpya huandika upuuzi wowote, au jina la timu yao. Hajra huandika jina la baba yake. Safari hii alikuwa amepata slabu nzuri, zile herufi za miguu minene, ambazo kila nguzo imewekewa kibao chini kama mguu wa benchi, isiyumbe. Aliandika MIKIDADI upana wote wa ukurasa, akaitazama ile M ilivyokanyaga, akafurahi. Kichwa cha habari chenyewe, cha hotuba ya mwenyekiti, hakukiweka.

Jarida likatoka hivyo. Asubuhi lilipofika Ruangwa, mama yake, Bi Fatu, alimpigia simu kutoka Nkowe, kijijini kwao huko huko Ruangwa.

"Baba yako kaenda kisimani."

"Na nani?"

"Na ndoo."

Mzee Mikidadi alikuwa kuli wa ghala la chama, mpaka ukuta wa magunia, uliopangwa kwenda juu kupita kiasi, ulipomporomokea kiunoni. Chama kilisema alijitakia. Tangu hapo hakusimama. Alikaa barazani akipukuchua mahindi na kutaniana na wapita njia, na kila Hajra alipotoka kumsalimu alirudi Nachingwea akilia ndani ya gari, abiria wakimwona.

Nkowe hawakumfanyia sherehe. Jirani mmoja alimkaribisha tena njiani, akamrudishia jembe alilokuwa ameazima.

Aliyekasirika ni Eustakio, na si kwa sababu mzee anatembea.

"Dada Hajra, kichwa cha habari ni cha viongozi. Mkulima anakaa chini ya picha, herufi nyembamba, basi."

Ni kweli, jarida lilipangwa hivyo siku zote. Hata picha ya Mzee Mikidadi, enzi akiwa na gunia mabegani, iliandikwa tu "mbebaji akiwa kazini".

Toleo lililofuata likatoka na kichwa cha mwenyekiti. Majarida yenye jina lake yakaenda kufungia karanga, na Mzee Mikidadi akakaa chini katikati ya shamba la ufuta, asiweze kuinuka. Walimrudisha nyumbani kwa baiskeli.

Hajra akamwendea Eustakio. Alitaka jina lirudi, na chini yake iandikwe habari ya magunia na kiuno cha baba yake. Eustakio alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Si mtu mbaya, anaogopa tu.

"Habari ya magunia hapana, inachafua chama," alisema. "Jina weka. Chini yake ikae hotuba."

Basi ikawa hivyo. Kila toleo, MIKIDADI juu, na chini yake maneno ya mwenyekiti kuhusu mafanikio ya ghala. Wasomaji walizoea. Mwenyekiti mwenyewe alidhani ndivyo aina hiyo ya herufi inavyoitwa, akaisifia. Kule Nkowe mzee alipalilia, alikwenda msikitini, alimkimbiza mbuzi wa jirani na kumkosa.

Kisha siku moja alitokea mlangoni pa ofisi, Nachingwea, ametembea kutoka stendi na mfuko wa karanga mbichi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndo hapa."

Akazunguka chumba chote, akagusa meza, akagusa kiti, akauliza dirisha linaangalia wapi. Halafu akakaa.

"Kuna kijana anaitwa Jamali," alisema. "Yamemwangukia juzi. Pale pale."

"Chama kimesemaje?"

"Kajitakia."

Hajra alikuwa ameshaelewa, na hakutaka kuelewa. Akaufungua ukurasa, akabana majina yote mawili katika mstari mmoja. Herufi zikapungua, miguu yake ikawa myembamba kama ya kuku.

Mzee aliinama begani kwake akatazama. "Wote wawili tuchechemee? Hapana. Yule ana watoto wa kubeba. Weka lake."

"Na wewe je?"

"Mi nilikuwa sijapaona unapofanya kazi. Leo nimepaona."

Hajra alilia, naye baba yake akamwacha alie, akimmenyea karanga na kumpangia mezani. Kisha Hajra aliufuta mstari wote, herufi moja moja kuanzia mwisho, akaandika JAMALI peke yake.

"Hii ya mwanzo mbona inaning'inia?" mzee aliuliza.

"J ndivyo ilivyo, baba. Haina mguu. Atachechemea kidogo."

"Atazoea."

Chini ya jina ilikaa hotuba, ambamo mwenyekiti alijivunia kwamba msimu huu magunia yamepangwa hadi kugusa bati. Hajra aliisoma mara mbili. Hakuruhusiwa kuigusa, akaituma kama ilivyo.

Toleo lingechukua siku chache kufika Ruangwa. Hajra alifunga ofisi, akamshika baba yake mkono, wakaenda sokoni kwa miguu, polepole, kwa njia ya mzunguko, kununua mkeka. Mzee alichagua mpana, wa kukalia na wageni.