Lebo ya Asali ya Mtama

Mimi nauza panya. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye nilikuwa upande wa nani. Panya wangu wameganda kama mawe, wamepangwa kwa ukubwa ndani ya mifuko, na ni nadra kumpata chatu wa kufugwa hapa Missouri ambaye hajawahi kula kitu kilichotoka kwenye friza langu. Nyoka wa kuuza sina hata mmoja. Ndiyo maana ugomvi wa Wilma Teague na Tanner Loomis uliletwa nyumbani kwangu, na ndiyo maana nausimulia mimi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wale wawili wana mikono yenye nguvu.

Wilma ni shoga yangu. Meza zetu zimekuwa jirani kwenye maonyesho ya nyoka ya Sedalia tangu enzi ambazo nywele zetu hazikuhitaji rangi ya kuficha mvi. Anafuga chatu wale wafupi, wanene, ambao wakiogopa hujikunja wakawa mpira. Chatu huyo akiwa porini ni kahawia na mweusi, basi. Kazi ya wafugaji wetu ni kuoanisha huyu na yule, mwaka baada ya mwaka, mpaka itoke rangi ambayo Mwenyezi Mungu hakuwa na haja nayo, kisha waipe jina la kuuzia. Ukipita kati ya meza utadhani umeingia duka la peremende: Ndizi, Siagi, Karameli. Nyoka wote wanakula panya wangu wale wale, lakini wateja hawanunui nyoka, wananunua lebo iliyobandikwa kwenye kikopo cha plastiki alimowekwa.

Lakini jina halitolewi ovyo. Kwetu sisi, rangi mpya ikitokea, mwenye haki ya kuipa jina ni yule aliyeithibitisha kwanza. Haitoshi kuotea kiroja kimoja ndani ya yai. Lazima umkuze, umzalishe, na rangi ile irudi kwa watoto. Ukifanikiwa, jina ni lako, na litabaki kwenye vikopo vya watu usiowajua hata ukishazikwa. Wilma alikuwa ameuza rangi za wenzake maisha yake yote, na majina yao. Alichotamani, na aliniambia zaidi ya mara moja tukila sandwichi zetu nyuma ya meza, ni siku moja mtu asiyemjua asimame mbele yake aulize ni nani aliyewapa nyoka hawa jina, naye ajibu kuwa ni yeye.

Basi rangi ikaja. Ilikuwa kahawia nzito mgongoni, na ubavuni, mwanga ukipita, ikageuka dhahabu. Wilma alipoiona alikumbuka asali ya mtama ambayo baba yake alikuwa akiikamua kwenye mabua na kuichemsha kila vuli, ile tunayomiminia mikate ya asubuhi. Akaizalisha, ikarudi kwa watoto, sote tukashuhudia. Akaiita Asali ya Mtama. Chini ya jina aliandika "Mlaji hodari", maana nyoka wake wakiona panya walitikisika kichwa kwa hamu, na mteja anayeanza kufuga haogopi kitu kama nyoka anayesusa chakula.

Misimu miwili baadaye akatokea Tanner Loomis. Huyu ni kijana wa Tulsa, mwenye kitambaa cheusi mezani, taa za rangi juu, na simu iliyosimama kwenye miguu mitatu ikimrekodi hata akikohoa. Kwenye vikopo vyake alikuwa na nyoka wa kahawia nzito, ubavuni dhahabu. Lebo ilisema Moto wa Jehanamu, na chini yake, "Ana hasira, angalia anavyotetemeka." Wilma alivuka ukumbi nikimfuata nyuma, maana namjua.

"Kijana, hawa umewatoa wapi?"

"Nimezalisha mwenyewe, mama. Dunia nzima hawapo wengine."

"Wamejaa pale mezani kwangu."

"Wale wako nimewaona. Wale ni uji, mama. Hawa ni moto."

Watu wakacheka, na simu ikawa inarekodi. Wilma hakucheka. Kwa macho huwezi kuamua, maana rangi mbili zinaweza kufanana kama mapacha na damu zikawa mbali kabisa. Njia ya kuamua ni moja tu, nayo ni kuwaoza. Jike wa huyu na dume wa yule wanawekwa pamoja. Watoto wakitoka na rangi ile ile wote, damu ni moja. Wakitoka kahawia wa kawaida, kama wa porini, damu ni mbili na kila mtu arudi na jina lake. Na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake kukaa na mayai, harusi ikaletwa kwangu.

Walikuja Jumapili moja kabla ya baridi kuanza, kila mmoja na boksi lake, wakakaa jikoni kwangu kama wakwe ambao mahari imewashinda kukubaliana. Tanner ndiye aliyetoa masharti. Alikuwa na hakika kwamba damu ni mbili, na nikimtazama niliona hata akikosea hajali, maana yeye ndiye mwenye sauti na watu wangemfuata.

"Nataka isemwe mbele ya Bi Luella," akasema, akinionyesha mimi kwa kidole. "Damu ikiwa moja, jina ni la aliyetangulia. Na kila nyoka wa damu hiyo atabeba jina hilo, awe mezani kwako au mezani kwangu. Mtu asije akalialia."

"Mimi silii," akasema Wilma.

Wakapeana mikono juu ya sufuria yangu ya maharage.

Sasa, jike na dume wanaooana wanakutanishwa siku chache, kisha wanatenganishwa ili wapate kula. Mimi niliwalisha kila mmoja kwenye sanduku lake, jioni moja, panya wa saizi moja, koleo lile lile. Nimelisha chatu wa watu wakisafiri, wakilazwa, wakiachana na wake zao. Chatu anayelenga hatulii nusu nusu. Anaganda, hata ulimi anaurudisha, kisha anapiga. Jike wa Wilma aliinua kichwa na kichwa kikaanza kutikisika, kikazunguka kidogo, kama cha bibi yangu siku zake za mwisho akitafuta kijiko. Nikageuka kwa dume wa Tanner. Akafanya vile vile, na alipopiga alimkosa panya, akajigonga ukutani mwa sanduku.

Haikuwa hamu wala hasira. Ni ugonjwa wa kichwani, wa kuzaliwa nao, na umeshaonekana kwenye rangi nyingine. Huyu aliuona kwake akauita ulaji, yule aliuona kwake akauita moto, na wote wawili wakaubandika kwenye kikopo kama sifa. Kila mmoja alikuwa amemtazama nyoka wake kwa jicho la mtu anayetaka kuuza.

Sikuzaliwa na kipaji cha kunyamaza. Niliwaita wote wawili, nikawaambia. Ndipo nilipoona muujiza: Wilma Teague na Tanner Loomis wakikubaliana. Tanner akasema labda nyumba yangu ina baridi. Wilma akasema kweli, ina baridi, na hao panya wangu huenda sikuwayeyusha vizuri. Kisha akanigeukia, shoga yangu wa miaka yote hiyo, akasema, "Luella, wewe uza panya." Iliniuma. Niliosha vyombo kwa kelele mpaka wakaondoka.

Baridi ikapita. Jike akataga, mayai meupe yaliyogandana, nikayaweka kwenye kasha la kuatamishia na kuyatazama kila asubuhi kabla ya kahawa. Yalipoanza kupasuka niliwapigia simu. Wilma alifika akiwa bado na ndara za nyumbani, Tanner akafuata baadaye. Kichwa cha kwanza kilichungulia, kahawia nzito. Cha pili, vile vile. Mpaka jioni walikuwa wametoka wote, na kila ubavu ulikuwa dhahabu. Damu ni moja, na aliyetangulia ni Wilma.

Alilia, yule aliyesema halii. Alinikumbatia, akamkumbatia hata Tanner, ambaye alisimama mikono ikining'inia. Nilimwonea huruma kidogo. Nilifurahi sana kwa ajili ya shoga yangu, na wakati huo huo nilikuwa nikingoja, kwa sababu watoto wa chatu hawali mpaka wajivue gamba la kwanza.

Walipojivua, Wilma alitaka tuwalishe pamoja, iwe sherehe. Alileta pai ya pichi. Tanner naye alikuja, nadhani kwa ajili ya pai. Nikamning'iniza kipanya kidogo mbele ya mtoto wa kwanza. Kichwa kikainuka, kikatikisika. Wa pili akatikisika. Wa tatu alipinduka kabisa, tumbo likawa juu, akabaki akitafuta dari. Hakuna aliyetaja baridi safari hii.

Tanner ndiye aliyepata akili kwanza. Akafuta midomo, akasimama.

"Basi hongera, Bi Wilma. Jina ni lako kabisa. Mimi nimeliachia, pamoja na mambo yake yote." Alitoka akipiga mluzi, na nilimsikia mpaka alipowasha gari.

Wilma alimchukua yule aliyepinduka, akamlaza kiganjani akamgeuza taratibu.

"Uliniambia," akasema.

"Nilikuambia."

"Na mimi nikakutukana."

"Ulinitukana. Ukipenda boga, Wilma, penda na ua lake. Jina ulilitaka."

"Bado nalitaka," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa. Akaomba karatasi hapo hapo, akaanza kuorodhesha wateja wake.

Kiangazi chote aliwapigia simu watu waliowahi kununua kwake, mmoja mmoja, akawaambia alichokiona na kuwaomba wasiwazalishe. Yeye mwenyewe aliwatenga majike na madume. Na ulipofika msimu wa maonyesho, wale wachache waliobaki aliwaleta Sedalia na lebo mpya, zilizoandikwa kwa herufi nene: Asali ya Mtama. Kichwa hutetemeka. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Wa kufuga tu, si wa kuzalisha.

Kizuri chajiuza, wanasema, lakini siku ile hakikujiuza. Watu walisimama, wakainua kikopo, wakasema rangi gani hii, wakasoma, wakakirudisha kwa vidole viwili. Jamaa mmoja alimuuliza Wilma kama anajua maana ya biashara. Nilitaka kumrushia panya wa saizi kubwa. Wilma alimjibu kwa upole kwamba anajua, na akamtakia siku njema.

Saa ya chakula nilizunguka ukumbi kunyoosha miguu. Kwa Tanner kulikuwa na watu wamejazana hata huwezi kupenya. Nikapenya. Taa za rangi, kitambaa cheusi, na ndani ya vikopo, kahawia nzito na ubavu wa dhahabu. Lebo zilikuwa mpya na zinang'aa. Taji la Malkia. Hakuna hasira iliyotajwa, wala kutetemeka. Basi kumbe alipoliachia jina siku ile alikuwa anatua mzigo mlangoni kwa mwenzake, akaenda kutafuta jina safi.

Nilirudi nikamweleza Wilma. Nilitegemea ghadhabu. Alifuta mikono, akachukua rola ya lebo zake, akavuka ukumbi kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji.

"Kijana, hawa wanaitwaje?"

"Taji la Malkia, mama. Rangi mpya." Kisha akaniona mimi nyuma yake, na uso ukabadilika.

"Mama yao ni nani na baba yao ni nani?"

Tanner akaanza kupanga vikopo upya. Simu yake ilikuwa imesimama pale pale, inarekodi.

"Ulitoa sharti jikoni kwa Luella," akasema Wilma. "Kila nyoka wa damu hii atabeba jina la aliyetangulia, hata akiwa mezani kwako. Luella, nimekosea neno?"

"Hukukosea," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

"Bi Wilma, unaniharibia kazi."

"Sikuharibii. Naweka jina langu. Ulisema nisije nikalialia, na mimi sikulia."

Akabandua lebo ya kwanza kwa ukucha, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa aproni yake. Akabandika ya kwake, akailainisha kwa kidole gumba. Akaenda kwenye kikopo cha pili. Tanner alinyoosha mkono kumzuia, akatazama watu, akaurudisha. Watu wote wa meza za karibu walikuwa wamesimama, wafugaji wa zamani, wanaojua sharti ni nini, na hakuna hata mmoja aliyemtetea.

Mbele kabisa alikuwa mama mmoja na binti yake, pochi ikiwa tayari wazi. Mama alichukua kikopo kilichobandikwa sasa hivi, akasoma jina, akasoma yaliyofuata, akasoma tena midomo ikitembea. Akakirudisha mezani na kufunga pochi. Kisha akamtazama Tanner, akamtazama Wilma, hakujua amuulize nani.

"Samahani," akasema, "ni nani aliyewapa nyoka hawa jina hili?"

Wilma alikuwa ameinamia kikopo kingine. Akanyooka, akasukuma miwani yake juu ya pua.

"Mimi," akasema.