Wifi Katumwa Sinema

Mwanatatu binti Khamis alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hata siku moja hajatia mguu sinema. Yeye na mbaazi na mahamri yake pale Ziwa la Ng'ombe asubuhi, akishauza hulala, basi. Sinema, akisema, ni za watu wasio na kazi kama kaka yake Hassan na mkewe Swabra. Wale walikuwa hawakosi filamu mpya pale Nyali, na wakitoka wameshikana mikono, watu wazima hawana haya!

Basi mwezi wa Juni Hassan akafa, Mola amrehemu, ghafla tu. Swabra akakaa eda. Miezi minne na siku kumi si mchezo, nguo nyeupe, huna hina, huna mafuta mazuri, mlango unautazama kwa ndani. Lakini eda haikumtia Mwanatatu wasiwasi, wajane wote huikaa. Kilichomtisha ni kuwa wifi yake hali chakula. Ukimwekea wali anaugeuzageuza, ukirudi baadaye uko vile vile. Na kucheka ndiyo kabisa. Swabra huyu, ambaye kicheko chake kilikuwa kikisikika mpaka nyumba ya tatu!

Siku moja ya Agosti akasema bila kuulizwa, "Wifi, kuna filamu mbili mpya tuliagana na Hassan kuziona. Moja ya kuchekesha, moja ya mapenzi. Nikitoka eda zitakuwa zishaondoka. Nenda ukanionee, uje unihadithie."

"Mimi?"

"Wewe. Wengine wote watanidanganya."

Bi Mwanaima, mamake mdogo Swabra, aliyekuwa akikaa naye humo ndani, akaguna. "Astaghfirullah! Eda ni ya ibada, hii yenu ya masinema?"

Mwanatatu alishatia buibui. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi wifi yake kutaka kitu. Angemtuma hata mwezini angekwenda.

Akaenda siku mbili mfululizo, kisha akaja akakaa mkekani.

"Wallahi wifi, baridi ile! Nimekaa kama samaki kwenye friji, bisi mkononi. Na wao kwenye picha yao ni joto, wamevaa vijitambaa, mimi nafutia navyo sufuria. Haya, ya kuchekesha. Bibi arusi katoroka siku ya harusi yake, kagundua ampenda mpishi. Sawa, moyo hauna bawabu. Lakini wageni wamejaa, chakula kishapakuliwa, na wote wanainuka kumkimbiza barabarani! Nikapiga kelele mle gizani, 'Kuleni kwanza!' Watu wote wakanigeukia."

Swabra akatabasamu, kidogo tu, upande mmoja. Mwanatatu akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Na ya mapenzi?"

Ile ya mapenzi ilimshika hasa. Bwana mmoja wa makamo, muuza vitabu huko Ulaya, na mwanamke mshonaji aliyemzungusha filamu nzima, mara ndiyo mara siyo, mpaka Mwanatatu akasahau bisi zake. Alipokubali tu, yule bwana akafa. Asubuhi, chai iko mezani, ghafla tu. Mwanatatu alilia mle ndani mpaka buibui likarowa. Alimlilia kaka yake, maana siku ya msiba alishughulika na wageni na masufuria hata hakupata nafasi ya kulia. Sasa mwisho huo atamwambiaje mjane?

"Wakaoana," akasema.

"Wakaoana?"

"Wakaoana kabisa! Kadhi kaja, maulidi yakasomwa, biriani ya mbuzi sufuria nne. Yule bwana kala sahani mbili na mbatata zake zote."

"Kadhi, wifi? Huko Ulaya?"

"Wako, kwani hawako?"

Midomo ya Swabra ikaanza kutetemeka. Ole wangu, Mwanatatu akawaza, nimemliza. Kumbe! Kicheko kikatoka, kile chenyewe cha mpaka nyumba ya tatu, na Bi Mwanaima akaja mbio na tasbihi yake mkononi.

"Hassan alikuwa akilala!" Swabra akasema akijifuta macho. "Filamu ikifika katikati yuwakoroma. Kisha njiani aapa hakulala, anihadithia mwisho wa kubuni. Na kila mwisho una biriani! Majambazi wameshikwa, biriani. Meli imezama, biriani. Kumbe nyote mumezaliwa hivyo!"

Wakacheka wote wawili mpaka wakachoka. Kisha Swabra akauliza taratibu, "Yule bwana alikufa, sivyo?"

"Alikufa, wifi."

"Vipi?"

"Asubuhi. Chai iko mezani."

Swabra akalia, na Mwanatatu akalia naye, wameshikana mikono pale mkekani. Bi Mwanaima aliingia jikoni akarudi na wali na samaki wa kupaka, akauweka katikati yao.

Swabra akatia mkono. Tonge la kwanza, la pili, akaendelea. "Mumenitia njaa na biriani yenu," akasema. Mwanatatu hakuthubutu kumtazama, aliogopa ataacha. Alitazama sahani tu ikipungua mpaka ukabaki mwiba.

"Wiki ijayo kuna nyingine mpya," Swabra akasema akinawa. "Utakwenda?"

"Nitakwenda inshallah."

"Mwisho wao usiniambie, wifi. Nipe wa Hassan."