Unene wa Chaneli

"Hiki si chuma," Viola alisema, akiitupa chaneli, boriti ya kujengea mnara wa tangi, nyasini. "Hili ni bati limekunjwa."

Mwalimu mkuu Wakoli alicheka. "Mama fundi, si wewe ndiye uliandika inchi nne? Pima basi. Ni inchi nne."

Upana, kweli, ulikuwa inchi nne. Lakini kwenye karatasi ya vipimo aliyompa mwalimu, Viola aliandika pia unene, milimita sita, akaupigia mstari mara mbili, maana mwalimu alisisitiza kununua chuma mwenyewe. Sasa kipimo kilisoma mbili, tena pamoja na rangi. Jamani, atoke Matisi, Kitale, na mashine ya kuchomelea, afike hapa Kabuchai asimamishe tangi la lita elfu kumi juu ya watoto wa watu kwa makopo haya?

Miaka kumi na tisa alikuwa akichagua chuma kwa mkono. Hukishika ncha moja, akaona kinavyokataa kuinuka. Hiki kiliinuka kama ufito wa kuezekea.

Akailaza chaneli juu ya matofali mawili. "Panda, mwalimu."

"Ati nipande?"

"Panda."

Wakoli akapanda. Chaneli ikabonyea katikati, na aliposhuka haikurudi.

"Tangi ni kitu cha kutulia, bana," Wakoli alisema, akijipangusa suruali. "Halitembei kama mimi. Na wageni wanakuja Ijumaa kufungua maji. Kama hutaki, kuna kijana huko Bungoma atachomelea leo leo."

Viola alimwamini. Wa kuchomelea hakosekani. Atachomelea, atapaka rangi iwake, na Jumatatu darasa la kwanza litapanga foleni na vikombe chini ya tani kumi za maji.

Alivaa miwani, akawasha grainda. Chaneli ya kwanza akaikata vipande vifupi vya urefu wa mkono, visivyofaa hata mguu wa benchi. Akavuta ya pili.

"Hiyo ni mali ya shule," Wakoli alipaza sauti. "Nampigia chifu."

"Mpigie. Mwambie aje na kipimo."

Chaneli zilikuwa nane. Alipomaliza ya tano, mwalimu alikimbia ofisini akazima umeme, na grainda ikafa mkononi mwake. Viola akapekua begi, akatoa msumeno wa mkono, akapiga magoti juu ya chaneli ya sita.