Mtu wa Pepo

Mdomo wangu hauna breki, na wateja wangu wa cherehani wanalijua hilo. Lakini wiki ile uliniponza kwa mama mkwe, mtu ambaye sikutaka kumkosea hata kwa kikohozi.

Alikuja kukaa kwetu baada ya kumzika mumewe. Mzee yule walimwita Vituko: mtu wa kuficha viatu vya wageni, mtu wa kuimba kwenye foleni ya benki. Msibani bwege mmoja akasema, eti anatania, "Huyu hata peponi hawamtaki, atawavurugia." Watu wakacheka. Mama hakucheka, na tangu siku ile kicheko chake hatukukisikia tena. Sasa begi lake lilikuwa limeshafungwa. Jumamosi anarudi kwenye nyumba tupu, kwa sababu hataki kutubebesha huzuni yake. Mume wangu alimbembeleza mpaka akachoka. Mimi nilikuwa naumia kimya kimya, jambo ambalo si kawaida yangu. Niliolewa na mwanawe, lakini niliyempenda haraka zaidi ni mama.

Basi mume wangu akaleta flashi yenye kichekesho cha Waingereza, cha sehemu sehemu. Malaika na shetani wametumwa kuchukua roho ya mzee mmoja, fundi miavuli, na mzee hataki kufa. Kila wakija, ana mwavuli wa kumalizia. Na mvua huko haikatiki! Sijui nguo zao zinakauka lini. Mama hajui Kiingereza, na maandishi ya Kiswahili ya chini hayaoni, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, huku nashona pindo za sketi za watu.

Malaika alinikera, sisemi uongo. Anafuta kiti kabla ya kukaa, na kila neno la mzee analisahihisha. Shetani ndiye mtu. Koti limechanika kwapani, kofia haivui, anachemsha chai, anamshikia mzee vyuma vya mwavuli na kumtania mpaka anapaliwa.

"Huyu mwenye koti bovu ni nani?" Mama akauliza.

Nikaona "shetani" ni neno zito kumtamkia mfiwa. Nikalilainisha.

"Huyo ni pepo, Mama."

Akasogeza kiti. "Katoka peponi? Na mzaha wote huo?"

Lo! Lugha yetu nayo! Pepo anayempanda mtu kichwani na pepo ile ya bustani na mito, neno lile lile. Nilitaka kumsahihisha. Kisha nikauona uso wake, umechangamka kama taa iliyorudishiwa umeme.

"Ndiyo, Mama. Peponi."

"Basi Mzee wangu ana nafasi," akasema polepole. "Na yule anayefuta viti ndiye shetani. Usiniambie, sura tu inamsema."

Kuanzia hapo, kila tukimaliza chakula cha mchana, ananiita: "Acha hizo sketi, niwekee mtu wangu wa peponi." Anamwangalia, anatikisa kichwa, anasema, "Vituko mtupu huyu." Kucheka bado, lakini anatabasamu. Na mimi roho juu, maana uongo wangu ulikuwa na njia fupi.

Ijumaa ikafika, na sehemu ya mwisho. Mzee akamaliza mwavuli wake wa mwisho. Yule mwenye koti bovu akasimama kwa heshima, akavua kofia. Pembe mbili hizo, kubwa, za mbuzi dume! Maandishi Mama hayaoni, lakini pembe zile hata kipofu angezipapasa.

"Mwanangu."

"Ndiyo, Mama."

"Peponi kuna pembe?"

Sindano ikanichoma kidole. "Nisamehe, Mama. Ni pepo, lakini... yule mwingine. Shetani."

Nikaliona begi lile mlangoni, nikatamani ardhi inimeze.

Kwenye televisheni, mzee wa miavuli wala hakushtuka. Alizikagua zile pembe kifundi, akachukua mwavuli wake, akautundika kwenye moja.

Mama akaangua kicheko. Akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, akanishika bega, machozi yanamtoka. "Ndiye! Wangu angetundika na koti!" Mume wangu akatoka bafuni mbio, povu masikioni, akidhani kuna mgonjwa.

"Nimelia usiku na mchana nikijiuliza yuko pepo ipi," Mama akasema akijifuta macho. "Wamtake, wasimtake, aliko yeye hakuna aliyenuna. Haya, rudisha mwanzo. Nimwangalie upya, sasa namjua."

"Na safari ya kesho, Mama?" mume wangu akauliza.

"Kesho? Na mvua yote hii?"

Tukatazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu.

"Ile kule," Mama akasema, akatuonyesha televisheni.

Mume wangu akalichukua begi, akalirudisha chumbani.